Kabla ya Sufuria Kulikuwa na Jino

Ile sufuria ni yangu. Naanza hapo ili tusipotezeane muda.

Mwaka huu tena, kwenye mechi ya Mwaka Mpya, wamemleta kijana mmoja kutoka mjini na kipaza sauti chake. Akasimama kando ya uwanja, akalitangazia bonde zima kwamba Naicobo na Waidrala wanagombea sufuria ya kale iliyoachwa na mke wa gavana. Mke wa gavana! Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, nikampigia kelele, "Gavana gani wewe? Hiyo niliinunua mwenyewe duka la njia panda, na mshikio wake uling'olewa na nguruwe wa Naca!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kijana akadhani wanamshangilia yeye, akazidi kuongopa.

Basi nimeona niseme mwenyewe. Habari ya sufuria ni habari ya wifi yangu Torika, na kabla ya sufuria kulikuwa na jino.

Torika aliolewa na kaka yangu Isoa miaka michache baada ya vita kuu, vile vita vilivyowapeleka vijana wetu visiwa vya Solomon. Alitoka Waidrala, kijiji cha ng'ambo ya mto; sisi ni wa Naicobo. Sisi na Waidrala ni watani tangu enzi za mababu: tunaibiana nguruwe, tunatukanana misibani, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Wao sisi wanatuita wezi, sisi wao tunawaita wala-mikunga, wale samaki kama nyoka. Kwa hiyo alipoletwa, msichana mwembamba mwenye mikono mirefu, nilimpokea mlangoni nikamwambia, "Karibu, mla-mikunga. Humu tunakula chakula cha watu." Akaniangalia, akaweka mikeka yake chini, akasema, "Nimekuja na meno yangu, wifi. Chakula nitakiona."

Ndivyo alivyokuwa. Mimi nikisema maneno kumi yeye ananirudishia moja, na hilo moja linanikaa wiki nzima. Mume wangu alikuwa amenirudisha kwetu, au mimi nilimrudisha yeye kwao, inategemea unamwuliza nani. Basi tukaishi jiko moja, mimi na Torika, maisha yetu yote. Nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe sikumwambia, na ningemwambia angeniuliza kama nina homa.

Sasa sikilizeni hili la mpira. Vijana walirudi vitani na mpira wa raga, wa ngozi, uliojaa viraka. Bonde zima likashikwa na wazimu. Hatukuwa na uwanja wakati huo; walichezea ukingoni mwa mto, miguu mitupu, penye nyasi kidogo na mawe mengi. Mechi ya kwanza kabisa baina yetu na watani ilichezwa Mwaka Mpya, na kila aliyekuwa na miguu alikwenda kutazama.

Upande wetu alikuwapo Peceli, mtoto wa kwanza wa baba yangu mkubwa Orisi, aliyekuwa mkuu wa Naicobo. Peceli alikuwa na mbio, tena mwenye maringo, kila akipata mpira anawachekea watani. Upande wa Waidrala alikuwapo Aporosa, kaka yake Torika, mtu mpana kama mlango, mpole, asiyejua hata kutukana. Peceli akachomoka na mpira pembeni. Aporosa akamkimbilia, akamkumbata kiunoni, wakaanguka pamoja. Ndivyo raga inavyochezwa, hata leo mnaona. Lakini walipoanguka palikuwa na jiwe, na shingo ya Peceli ikatua juu ya jiwe lile.

Aporosa alimbeba mgongoni. Alivuka mto naye, akapanda naye mpaka nyumbani kwa Orisi, na kichwa cha Peceli kinayumba begani kwake. Akamlaza, akatoka, akaketi nje kwenye vumbi mpaka aliposikia wanawake wameanza kulia. Ndugu zake wakaja kumchukua. Kulipokucha hakuwepo bondeni. Alikuwa njiani kwenda pwani, kwenye mashamba ya miwa, na huko ndiko alikokaa.

Kwetu, neno zito halisemwi mikono mitupu. Linasemwa kwa tabua, jino la nyangumi lililotiwa kamba. Ukitaka mke, ukitaka msaada wa vita, ukitaka msamaha, unalishika kwa mikono miwili na kusema haja yako. Unayemwomba akilipokea mkononi, amekubali, hata kama umemwomba roho yake. Kama hataki, anakurudishia palepale.

Wazee wa Waidrala walikuja na tabua kubwa, jekundu kwa uzee. Orisi aliwaruhusu kuingia. Msemaji wao alipiga magoti, akalinyoosha jino, akasema maneno yote yanayotakiwa: kwamba damu imemwagika, kwamba haikukusudiwa, kwamba wanamwombea Aporosa. Kisha akangoja. Orisi alilitazama lile jino. Hakulipokea. Hakulirudisha. Aliinuka, akatokea mlango wa nyuma, akaenda zake shambani.

Hebu niambieni, watu wanafanya nini hapo? Jambo hilo halikuwahi kutokea. Msemaji aliposhindwa na mikono alilaza jino mkekani. Walikaa vichwa chini mpaka jioni, Orisi hakurudi. Wakaondoka. Wangelichukua, wangekuwa wameufunga mlango wa msamaha wao wenyewe. Na upande wetu nani angeligusa, wakati mwenye msiba hakuligusa? Basi likabaki palepale katikati ya nyumba ya mkuu.

Na nani alikuwa mke mpya wa ukoo, mwenye kazi ya kufagia nyumba ya mkuu kila asubuhi? Torika. Dada wa Aporosa. Alifagia akilizunguka. Alianzia ukutani akaja mpaka ukingo wa jino, akainua ufagio, akaendelea upande wa pili. Mama yake Peceli alikuwa amekaa pale akimtazama. Hakuna aliyemsemesha nyumba ile isipokuwa kumwagiza maji. Mimi tu ndiye niliyesema naye, maana mimi siwezi kunyamaziana na mtu yeyote, hata mwizi wangu.

"Wifi," nilimwuliza siku moja, "kwa nini usimwambie Isoa akurudishe kwenu, japo upumzike?"

"Nikiondoka," akasema, "nani atalizunguka?"

Orisi aliugua mwaka uleule. Alipojua anakufa aliita watu, akanyoosha kidole kuelekea mkekani. "Liondoeni lile machoni pangu," akasema. "Vijana walichezee. Atakayeshinda aliokote mwenyewe. Mtu asimpe mtu." Akafa bila kuongeza neno, na sisi tukabaki na kombe.

Ndiyo, hilo ndilo lililokuwa kombe la bonde hili. Siku ya kwanza hakuna mwanamume aliyekubali kulibeba, si wa kwetu wala wa kwao. Torika alilitia kikapuni, akakunja mkeka uleule chini ya kwapa, akashuka nao mpaka uwanjani. Akatandika mkeka, akalaza jino, akarudi nyuma. Nahodha aliyeshinda akainama, akaliokota. Toka siku hiyo ikawa ndiyo desturi, na Torika akawa ndiye mwenye kazi. Likilala kwetu au likilala kwao, yeye ndiye aliyekwenda kulipaka mafuta ya nazi na kulisokotea kamba mpya. Alilisugua mpaka likawa linang'aa kama ngozi ya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Miaka ikapita, na watoto waliozaliwa baadaye wakajitungia yao. Wengine walisema jino lilitekwa vitani. Wengine walisema lililetwa na nyangumi mwenyewe, akapanda mto! Mchungaji wetu mmoja alisimama kanisani akahubiri kwamba nahodha huinama kuokota kombe ili kutufundisha unyenyekevu. Nilimgeukia Torika nikamnong'oneza, "Umesikia? Umetufundisha unyenyekevu." Akasema, "Basi wewe hukuhudhuria somo."

Lakini aliyekataa kusahau ni Naca, mdogo wake Peceli. Siku ile ya mto alikuwa kitoto, amekaa juu ya jiwe kubwa akitazama. Alipokua akakalia nafasi ya baba yake, akawaambia wazee wa Waidrala, "Siku Aporosa akikanyaga hapa, utani umekwisha. Mashamba mnayolima upande wetu yamekwisha. Sitawajua." Na barabara ya lori inaishia kwetu. Kwenda Waidrala lazima upite mbele ya mlango wa Naca ndipo uvuke mto. Kwa hiyo wazee wa Waidrala wakampelekea Aporosa neno huko kwenye miwa: kaa hukohuko, mwanetu. Mtu mmoja akae mbali, bonde zima lipate kula kwa amani. Ni hesabu nzuri kama huyo mmoja si ndugu yako.

Sasa ngojeni niwaambie kitu kingine cha kwetu. Mtu na kaka yake wakishakuwa watu wazima hawasemezani. Ni heshima. Naca ni mtoto wa baba yangu mkubwa, kwa hiyo ni kaka yangu. Sijasema naye uso kwa uso tangu abalehe. Nikiwa na neno la kumwambia ninaliambia kitu kingine karibu naye, yeye anasikia. Na Torika vilevile: tangu akiwa msichana hakuwa amesema na Aporosa. Wakati Aporosa anaondoka, hata kwaheri hakumwambia.

Mwaka ninaousema tulikuwa tumeshakuwa vizee, Isoa ameshatangulia. Mpwa wake Torika, Kelera, alikuja kutoka pwani. Alitukuta jikoni tunamenya magimbi. Akasema Aporosa kifua kimemharibika, hakati tena miwa, analala nyumba ya watu. Anasema hataki kuzikwa kwenye miwa. Anataka kuja kwao.

Torika hakuacha kumenya. Alimenya gimbi likaisha, akachukua lingine, akamenya mpaka likabaki kama kidole. Nikamnyang'anya kisu.

"Tutakula nini ukiyamaliza hivyo?" nikasema, ili nisilie.

"Wifi," akasema, "nakwenda kwa Naca."

Tulikwenda wote. Nilibeba sufuria yangu imejaa majani ya magimbi kwa tui la nazi, maana huendi kwa mtu mikono mitupu hata kama ni mtu mwenye roho ngumu. Naca alikuwa amekaa ndani na bakuli la yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi, mbele yake. Torika, kwa kuwa ni shemeji yake, aliweza kusema naye. Alisema taratibu, akamaliza. Naca akatazama yaqona yake.

"Shemeji," akasema, "umetupikia miaka yote. Ukitaka nguruwe, chukua. Ukitaka nikujengee nyumba, kesho nakata miti. Hilo moja usiniombe."

Basi nikaigeukia sufuria yangu. "Sufuria," nikaiambia, na sikupunguza sauti, "umemwona mtu? Mtu amezeeka, mvi mpaka masikioni, bado amekaa juu ya jiwe kama kitoto!"

Naca hakunitazama. Alimtazama mbwa wake. "Mbwa," akasema, "iambie sufuria ifunge mdomo."

Tulirudi. Njiani nikamwambia Torika, "Tutafute tabua. Nenda naye rasmi, tuone kama atathubutu kukuachia mkononi."

"Siwezi kuleta la pili," akasema. "La kwanza halijajibiwa."

Nilisimama hapohapo njiani. Nilikuwa nimelitazama jino lile kila Mwaka Mpya wa maisha yangu, nimelipigia vigelegele, nimewatukania watani, na sikuwa nimewaza kwamba lilikuwa bado linaomba. Kumbe yeye kila alipolipaka mafuta hakuwa anang'arisha kombe hata kidogo.

"Mwaka huu Naicobo lazima washinde," Torika akasema.

"Ala! Tangu lini?"

"Waidrala wakishinda wataokota ombi lao wenyewe. Lazima lichukuliwe na watu wa Peceli."

Na mwaka huo, Mungu wangu, timu yetu ilikuwa hovyo. Wawili wamekwenda jeshini, mmoja kaoa juzi hajiwezi. Nahodha alikuwa Kitione, mtoto wa Naca, kijana wa heshima na mwenye nguvu, lakini mtu mmoja hachezi raga peke yake. Waidrala walikuja wakiimba toka mtoni. "Naicobo," wakapiga kelele, "leteni mabeseni, leo tunawafua!"

Mvua ilinyesha tangu asubuhi, uwanja ukawa tope. Watani walitangulia kufunga, wakafunga tena. Torika, ambaye miaka yote alikaa kimya mwisho wa mkeka akiwaombea ndugu zake kimoyomoyo, siku hiyo alisimama. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele. "Naicobo!" akapaza. "Mkabeni! Mwangusheni! Kitione, mguu si wa mapambo!"

Watani wakapigwa butwaa. Mzee mmoja wa kwao akamwita kutoka ng'ambo ya uwanja, "Torika! Mikunga ya mama yako ilikukosea nini?"

"Nyamaza, mjomba," akamjibu, "nitakwambia baadaye!" Na machozi yanamtoka.

Nilipiga kelele naye mpaka sauti ikanikauka, na vijana wetu wakaanza kuwakaribia kwa pointi. Dakika za mwisho mpira ukamponyoka mtani mmoja topeni, Kitione akauokota, akaondoka nao. Mmoja alimrukia, akatupwa. Wa pili akamning'inia mguuni, akaburutwa. Kitione akaanguka juu ya mstari, pale pembeni kabisa, na mpira uko chini ya kifua chake. Trai! Mwamuzi akapuliza filimbi, tumewapita kwa kiasi cha kuwaudhi tu. Ngoma zikalia, wanawake wakarushiana poda na maji kama ilivyo kwetu Mwaka Mpya, mtu hamsikii mwenzake.

Mkeka ulikuwa umetandikwa. Kitione akaja anakimbia, tope mpaka kwenye meno, anacheka, macho chini akitafuta jino. Halikuwepo mkekani. Torika alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka, amelishika kwa mikono miwili, amemnyooshea.

Kijana angefanya nini? Amelelewa. Mama mkubwa amepiga magoti mbele yake kwenye tope, mikono imenyooka. Mtu mwenye adabu hamwachi mama yake na mikono juu. Kitione alichuchumaa, akalipokea kwa mikono yake miwili. Akalibusu. Akataka kuinuka alinyanyue juu kama wenzake waliomtangulia.

Wapiga ngoma wazee waliacha kupiga; walijua kuokota mkekani si kupokea mkononi. Vijana waliendelea kurukaruka kidogo, kisha nao wakanyamaza, hawajui kwa nini. Mikono ya Torika ilikuwa bado imenyooka, mitupu.

"Hili ni jino la Waidrala," akasema. Mwanamke hasemi kwa tabua kwetu, hiyo ni kazi ya wanaume, lakini alisema, tena kwa sauti niliyoisikia mimi niliyekuwa mbali. "Lilikuja nyumbani kwenu kumwombea Aporosa, kwa ajili ya Peceli. Limekaa mkekani halikujibiwa. Naomba kaka yangu apite, akafie kwao."

Naca alikuwa ameshafika. "Liweke chini!" akamwambia mwanawe. "Liweke mkekani sasa hivi!"

"Baba, kuna nini?" Kitione aliuliza. Maskini, alijua baba yake mkubwa alikufa mpirani. Hakujua kwamba jino alilokuwa akilikimbilia tangu utoto lilikuwa la kifo hicho.

"Wewe ni mtoto. Huna mamlaka ya kulipokea."

Torika bado yuko magotini. "Shemeji," akasema, "baba yako hakusema lichukuliwe na mkuu. Hakusema lichukuliwe na mzee. Alisema mtu asimpe mtu, na kosa hilo ni langu; lakini mchukuaji alisema ni mshindi. Leo mshindi ni nani?"

Kitione akamtazama baba yake, akalitazama jino, akamgeukia Torika.

"Mama mkubwa, huyo Aporosa alimwua kwa kusudi?"

"Mwulize baba yako. Yeye aliona."

Watu wote tukamtazama Naca. Mvua ilikuwa inamchuruzika usoni, naye hakujifuta. Ningemwombea aongope, ingekuwa rahisi kumchukia. Lakini kaka yangu hakuzaliwa mwongo.

"Lilikuwa jiwe," akasema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Alimkaba vizuri. Lilikuwa jiwe tu."

Kitione alikaa akaliwaza hilo. Kisha akalishika jino vizuri, akalinyanyua mbele ya uso wake kama tulivyofundishwa na wazee. "Basi nimelipokea," akasema. "Na apite."

Wazee wa Waidrala wakaketi palepale topeni na kupiga makofi, yale ya heshima, ya viganja vilivyokunjwa, mazito. Wa kwetu wakafuata. Na mimi nikapiga mpaka viganja vikaniuma. Naca aligeuka akaondoka peke yake, hakuna aliyemfuata.

Aporosa aliletwa na lori wiki iliyofuata. Kijiji kizima kilijidai kina shughuli barabarani. Alishuka akishikiliwa na Kelera. Yule mtu kama mlango alikuwa amebaki fremu. Alipita mbele ya nyumba ya Naca ameinamisha kichwa, na mlango ulikuwa umefungwa. Tukafika mtoni. Mto ulikuwa umejaa kwa zile mvua, maji ya kahawia yanakimbia. Mtu wa kifua kibovu hawezi kuvuka maji yale. Akasimama ukingoni, anakohoa, anaitazama Waidrala.

Naca akatokea nyuma yetu. Amekunja sulu, shuka yake ya kiunoni, mpaka mapajani. Alitupita bila salamu, akaenda mbele ya Aporosa, akampa mgongo, akachuchumaa.

"Panda," akasema.

Aporosa hakusogea. "Siwezi," akasema. "Wewe hapana."

"Ulimbeba wa kwetu," Naca akasema, hakugeuza uso. "Panda, mzee, maji yanazidi."

Akapanda. Naca akaingia mtoni naye, maji yakamfika kifuani, akaenda hatua kwa hatua. Katikati nikaona mabega yake yanatikisika, na haikuwa kwa nguvu za maji. Torika alikuwa amenishika mkono. Alama za kucha zake nilikaa nazo siku kadhaa.

Jino likatundikwa kwenye nguzo ya nyumba ya Naca, na hapo lipo. Limeshajibiwa, halichezewi tena. Mwaka Mpya uliofuata vijana wakabaki wanatazamana, hawana cha kugombea. Watani wakaingia jikoni kwangu mchana kweupe, wakabeba sufuria yangu. "Mmekula jino letu," wakasema, "sisi tunachukua chungu!" Wamekataa kuirudisha hadi leo ila kwa mpira.

Na wala hawakuichagua ovyo. Siku ile Aporosa alipovushwa, nilikuwa nimeibeba sufuria hiyohiyo kichwani, imejaa magimbi na kamba wa mtoni. Tuliingia nyumba ya baba yao kule Waidrala. Yeye akaketi upande ule, uso ukutani. Torika akaketi upande huu, amempa mgongo. Heshima ni heshima, hata baada ya maisha mazima. Mimi nilikuwa katikati na sufuria yangu.

Torika akaiinamia. "Sufuria," akasema, "mwambie aliyekaa pale ale, chakula kinapoa."

Akala. Alikula kidogo, polepole, tulimsikia akitafuna. Kisha akajifuta vidole.

"Sufuria," akasema Aporosa, "mwambie dada yangu, nilisikia huko kwenye miwa kwamba alifagia akilizunguka."

Torika alijifunika uso kwa nguo yake. Nikamwekea kaka yake magimbi mengine, nikaipakata sufuria mapajani ingali ya moto, nikalia nayo.

Basi mwakani mkimleta tena yule kijana wa kipaza sauti, mwambieni mke wa gavana hajawahi kuigusa.